Udanganyifu katika mitihani na gharama yake kwa mwanafunzi

Udanganyifu katika mitihani ni kitendo chochote kinachompatia mtahiniwa alama zisizotokana na maarifa yake. Baadhi ya njia zinazotumika ni kuangalizia majibu ya jirani, kuingia chumbani na karatasi ya majibu, ambayo wanafunzi wa Kenya huiita mwakenya, kutumia simu ya mkononi, kufanyiwa mtihani na mtu mwingine, au kupata maswali kabla ya siku yake.

Nchini Tanzania, mitihani ya taifa huendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoanzishwa mwaka 1973. Mtahiniwa anayebainika kudanganya hufutiwa matokeo. Aidha, kituo kinachohusika chaweza kufungiwa. Mwaka 2022, Baraza lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba na kuvifungia vituo 24.

Hata pale msimamizi alipofumba macho, karatasi za majibu hutoa ushahidi. Wanafunzi wengi waweza kupata jibu sahihi kila mmoja kwa jitihada yake. Lakini watahiniwa wa chumba kimoja wanapokosea maswali yale yale, kwa makosa yale yale, mfanano huo huashiria kwamba majibu yalitoka sehemu moja.

Mara nyingi chanzo cha majibu hayo si mtoto. Karatasi za mtihani hutunzwa, husafirishwa na kufunguliwa na watu wazima, hivyo maswali hayawezi kuvuja bila mmoja wao kukiuka dhamana aliyopewa. Mwezi Septemba 2018, mtihani wa darasa la saba ulivuja, na NECTA ikafuta matokeo ya shule zote za msingi za Wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na baadhi ya shule za Dar es Salaam na Mwanza. Watoto hao walirudia mtihani Oktoba 8 mwaka huo, wakiwamo wale ambao hawakuwa wameona swali lolote mapema.

Nchini Kenya, baada ya mitihani ya mwaka 2015 kuvuja, serikali ilivunja bodi ya Baraza la Mitihani la nchi hiyo mwezi Machi 2016. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inaruhusu kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 2 za nchi hiyo, au vyote viwili, kwa anayejipatia mtihani kinyume cha sheria.

Hata hivyo, madhara hayaishii katika adhabu. Anayefaulu kwa majibu ya kupewa huingia sekondari bila msingi wa kusoma na kuhesabu, huku akichukua nafasi ya mwenzake aliyestahili. Mzazi anayechangishwa fedha ili mwanawe "asaidiwe" katika chumba cha mtihani hana budi kukataa, kwani jina litakalofutwa ni la mtoto.