Kuzisindikiza Familia za Wageni Zenye Majeraha ya Nafsi

Majeraha ya nafsi ni maumivu ya ndani yanayompata mtu aliyepitia vita, ukimbizi, msiba wa ghafla au kutengwa na nchi ya kwao. Makala hii inawasaidia waamini wa Kibakwe na parokia nyingine za uwanda wa kati kuzitambua familia za wageni zinazobeba maumivu hayo, na kuzisindikiza kwa namna inayoheshimu lugha, imani na desturi zao.

Tanzania na wageni wake

Nchi yetu imepokea wakimbizi kwa vizazi kadhaa. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwao na wazao wao walipewa uraia. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo, na tangu mwaka 2015 imewapokea pia Warundi wengi. Wapo vilevile wageni wa ndani: kibarua wa shambani, mfugaji aliyehama kutafuta malisho, binti aliyerejea kutoka kazi za ndani mjini akiwa hazungumzi na mtu. Kila mmoja anaweza kuketi nasi katika Jumuiya Ndogondogo ya Kikristo bila sisi kujua alichokiacha nyuma.

Maumivu yana lugha yake

Ni wachache wanaosema, “Nina ugonjwa wa sonona.” Kwa Kiswahili mtu husema ana mawazo mengi, moyo ni mzito, au kichwa kinamwaka moto. Wanyarwanda wana neno ihahamuka kwa kiwewe kinachomkata mtu pumzi, kana kwamba hana mapafu. Msikilizaji asiyejua hayo atamtibu mgonjwa kichwa au kifua, na jeraha lenyewe litabaki palepale.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuuliza kwa upole: “Kwenu hali hii mnaiitaje? Mnadhani imetoka wapi? Nyumbani mngemwendea nani?” Lugha ikiwa kikwazo, atafutwe mkalimani mtu mzima anayeaminiwa na familia. Mtoto asifanywe mkalimani wa maumivu ya mama yake, kwa maana atabeba mzigo usio wake, naye mama ataficha mengi ili kumlinda. Sisi wa Dodoma tunajua jinsi wimbo wa Kigogo unavyoufikia moyo hata ndani ya Misa. Mgeni naye apewe nafasi ya kusali na kuomboleza kwa lugha aliyolelewa nayo.

Dalili za kuangalia

Huzuni baada ya msiba ni ya kawaida. Lakini mtu akikosa usingizi, akiacha kula, akijitenga, akishtuka ovyo au akizama katika ulevi kwa muda wa wiki mbili na zaidi, anahitaji msaada wa wataalamu. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, au kuona visivyoonekana, asisubiri muda huo. Kwa watoto, dalili ni pamoja na kuota ndoto za kutisha, kuanza tena kukojoa kitandani na kushuka kimasomo. Mtu akitamka kwamba heri afe, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Altare na hospitali

Baadhi ya familia huona hali hizi kuwa ni pepo au laana, na wasaidizi wengine huharakisha kukemea. Mama Kanisa anafundisha busara. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1673) inataka kuhakikisha kwanza kwamba hali iliyopo si ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa, hasa wa akili, ni kazi ya tiba. Upungaji wa pepo ulio rasmi hufanywa na padre tu, kwa ruhusa ya Askofu. Kumfunga mgonjwa kamba au kumwamuru aache dawa kwa sababu ameombewa ni kumdhuru. Kwa familia iliyokwisha kufiwa na mtu aliyejiua, Katekisimu (2282–2283) inakumbusha kwamba mahangaiko makubwa ya nafsi hupunguza dhamana ya mtu, na kwamba Kanisa huwaombea marehemu hao bila kukata tamaa juu ya wokovu wao.

Njia ya tiba huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya Mpwapwa, na ikilazimu Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma, inayohudumia wagonjwa tangu mwaka 1927. Mgeni asiye na ndugu hapa anahitaji mwanajumuiya wa kufuatana naye, kumsaidia nauli na kukumbuka tarehe ya kurudi kliniki. Paroko aarifiwe kwa ajili ya Sakramenti, na siri za familia zisigeuzwe habari za jumuiya.

Malaika na Elia

Nabii Elia, akiwa mkimbizi jangwani, aliomba afe (1 Waf 19). Malaika hakumkaripia. Alimwachia alale, akampa mkate na maji, kisha akarudi mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Hayati Papa Fransisko, katika ujumbe wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani mwaka 2018, aliwaalika waamini kuwapokea, kuwalinda, kuwaendeleza na kuwashirikisha wageni katika maisha ya jamii. Kwa familia iliyojeruhiwa, mwaliko huo huanza na mtu mmoja anayebisha hodi, anayeketi na kusikiliza, na anayerudi tena wiki ijayo.