Kesi ya Jiji la Miami Dhidi ya Benki

Mhadhiri alipotutaka tuandike juu ya kesi moja ya haki za raia nchini Marekani, wenzangu wengi walichagua zilizoshinda. Mimi nilichagua iliyotupwa, kwa kuwa nilipoisoma nilishangaa: mbona hakuna aliyejibu kama benki zilibagua au la?

Desemba 2013 jiji la Miami liliishtaki Bank of America, na kwa kesi nyingine Wells Fargo. Lilidai kwamba benki hizo ziliwapa Wamarekani weusi na Walatino mikopo ya nyumba yenye masharti mabaya kuliko Wazungu wenye uwezo uleule. Waliposhindwa kulipa, nyumba zilichukuliwa, nyingine zikabaki magofu. Bei za mtaa mzima zikashuka, kodi ya majengo ikapungua, na jiji likazidi kutumia fedha kwa polisi na zimamoto. Sheria iliyotegemewa ni ile ya makazi ya 1968, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson siku saba baada ya kuuawa kwa Martin Luther King.

Julai 2014 jaji alizitupa kesi hizo. Hakusema benki hazina hatia. Alisema hasara ya jiji si ile ambayo sheria ilikusudia kuizuia, kwamba iko mbali mno na mikopo yenyewe, tena muda wa miaka miwili wa kushtaki umepita. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesikilizwa.

Mei 2017 majaji 5 wa Mahakama ya Juu, dhidi ya 3, walikubali kwamba jiji linaweza kushtaki. Lakini mahakama ikasema haitoshi kwamba hasara ilitabirika. Lazima itokane moja kwa moja na kosa. Mpaka huo uko wapi, hawakueleza. Kesi ikarudishwa chini.

Naielewa hofu yao: kila aliyeguswa na anguko la bei akishtaki, mahakama zitafurika. Hata hivyo sikubaliani nao. Mkopaji mmoja atajuaje riba aliyopewa Mzungu wa mtaa wa pili? Jiji ndilo linaloona mitaa yote kwa pamoja, na ndilo lililoambiwa liko mbali.

Mwanzoni mwa 2020 Miami iliachana na kesi hiyo, kabla ushahidi wake haujapimwa.