Trauti: Samaki anayeishi kwa hisani ya baridi ya Mlima Kenya

KATIKA mataifa ya kaskazini, trauti huishi kwenye mito na maziwa yanayopozwa na majira marefu ya baridi. Kenya haina majira hayo, na Ikweta hupita karibu kabisa na kilele cha Mlima Kenya. Hata hivyo, samaki huyo amedumu nchini kwa zaidi ya karne moja.

Siri yake ni mwinuko. Ziwa Ellis, lililoko mashariki mwa mlima huo upande wa Chogoria, liko zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua huwaka, lakini usiku usio na mawingu baridi hushuka chini ya nyuzi sufuri, na alfajiri nyasi huonekana zimefunikwa na sakitu. Wataalamu wa mimea husema kuwa huko juu kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi.

Trauti anahitaji baridi hiyo kwa sababu maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu. Hustawi zaidi katika maji ya nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi. Yakizidi nyuzi 25 hivi, maisha yake huwa hatarini.

Samaki hawa si wenyeji. Mnamo 1905, trauti wa kahawia kutoka Uskoti walitiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye waliletwa trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni magharibi mwa Amerika Kaskazini. Kituo cha serikali cha Kiganjo, karibu na Nyeri, huangua mayai na kulea vifaranga.

Mvuvi wa trauti hutumia ufito mwepesi, mshipi na ndoano iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu. Maji yakiwa baridi mno, samaki huwa mzito wa kufukuza chakula. Hivyo chambo huvutwa polepole, karibu na kina. Mvuvi naye hana budi kuvaa nguo nzito na kupanda mlima kwa awamu, kwani hewa nyepesi huweza kumletea kichefuchefu na maumivu makali ya kichwa.

Hatari kubwa zaidi inamkabili samaki mwenyewe. Trauti hutaga katika changarawe safi yenye maji yanayotiririka. Msitu ukikatwa, au nyika za mlimani zikiungua kama ilivyotokea mwaka wa 2012, mvua husomba udongo na majivu hadi vijitoni, na mayai hukosa hewa. Aidha, kadiri dunia inavyozidi kupata joto, trauti wa mitoni huweza kutafuta baridi juu zaidi. Yule wa ziwani hana pa kukimbilia.