Jinsi Mafaili Yalivyoanza Kulipiwa Kodi

Kiirua, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya katika Kaunti ya Meru, inajulikana kwa viazi na ngano. Inajulikana pia kwa taasisi zake, zikiwemo Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Theresa na chuo cha ufundi cha Kiirua. Hospitali na vyuo vya aina hiyo huishi kwa kumbukumbu: majina ya wanafunzi, alama za mitihani, hesabu za ada, taarifa za wagonjwa. Katika miaka 20 hivi iliyopita, kumbukumbu kama hizo zimekuwa zikihama kote nchini, zikitoka kabatini na kuishia kwenye seva zilizo ng'ambo. Uhamisho huo una bili yake, nayo huchelewa kuonekana.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi ya ofisi ilibebwa kwa disketi ya megabaiti 1.44, kisha kwa flashi, ambayo mara nyingi ilirudi kutoka saiba ikiwa na virusi. Intaneti ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua. Programu nazo zilinunuliwa mara moja. Ofisi iliyopata leseni ya Microsoft Office 2003 ingeweza kuitumia miaka kumi bila kulipa tena.

Mlango ulifunguliwa mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia baharini. EASSy ikafuata mwaka 2010. Sasa faili liliweza kutumwa ng'ambo na kurudi kwa sekunde chache, na kampuni kubwa zikaanza kuuza huduma badala ya bidhaa.

Juni 2011 Chromebook za kwanza, zilizotengenezwa na Samsung na Acer, zilianza kuuzwa. Kipakatalishi hicho cha Google kilikuwa na hifadhi ndogo ndani yake, na karibu kila kazi ilifanyika kwenye kivinjari. Mwezi huohuo Microsoft ilizindua Office 365, ya kulipiwa muda hadi muda. Aprili 2012 ikaja Google Drive na gigabaiti 5 za bure, zilizopanda hadi 15 mwaka uliofuata, zikijumuisha barua pepe. Mei 2013 Adobe ikatangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake kuu za usanifu hayatauzwa tena kwa leseni ya kudumu. Mnunuzi akageuka mpangaji.

Jirani ya Kiirua, upande wa Nanyuki, mwaka 2013 ulileta habari njema. Microsoft, serikali ya Kenya na kampuni ya Indigo walianzisha mradi wa Mawingu, uliotumia masafa ya televisheni yasiyotumika na umeme wa jua kufikisha intaneti katika shule na zahanati za vijijini. Mahali ambapo hakuna kampuni iliyoona faida ya kuchimba mtaro wa waya, mwalimu aliweza kufungua ukurasa.

Kisha ukarimu ukapungua. Tarehe 1 Juni 2021 Google Photos iliacha kuhifadhi picha bila kikomo. Mwaka 2022 taasisi za elimu duniani, zilizokuwa zimezoea hifadhi ya Google isiyo na kikomo, ziliwekewa terabaiti 100 za bure kwa kila taasisi. Chuo chenye video nyingi za mihadhara kilitakiwa kufuta au kulipa.

Kenya iliongeza mzigo wake. Ushuru wa asilimia 15 kwa data uliingia mwaka 2018, ukapanda hadi 20 mwaka 2021, ukarudi 15 mwaka 2023. Huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa pia VAT ya asilimia 16. Tangu 2022, kadi pepe ya Visa ya M-Pesa imewawezesha wasio na kadi ya benki kulipa ng'ambo, lakini haikuwakinga na kupanda kwa dola.

Tuchukue mfano wa chuo chenye akaunti 30, kila moja dola 10 kwa mwezi. Bili ya mwaka ni dola 3,600. Dola ikiwa shilingi 103, kama mwaka 2019, hizo ni Sh370,800. Ikifika 160, kama Januari 2024, zinakuwa Sh576,000. Zaidi ya Sh200,000 zimeongezeka, na chuo hakijaongeza hata akaunti moja.

Wanaonunua Chromebook za mitumba wana jambo jingine la kukagua, nalo ni tarehe ya mwisho ya masasisho. Septemba 2023 Google iliongeza muda huo hadi miaka kumi, lakini huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, na kwa baadhi ya modeli kuukuu nyongeza hiyo haiji yenyewe mpaka mwenye mashine aikubali. Mashine ya bei nafuu inaweza kuwa imebakiza miezi tu.

Tena waya hukatika. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kote Afrika Mashariki. Ofisi zilizokuwa zimeruhusu mafaili yafunguke bila mtandao ziliendelea kuandika.

Taasisi ndogo ina njia ya kupunguza bili. LibreOffice, iliyotangazwa mwaka 2010, huandika barua na kupiga hesabu bila ada yoyote. Diski ya nje iliyofungiwa kabatini hutunza nakala ya alama na hesabu za ada, na huduma ya kulipia ikabaki kwa mafaili ambayo kweli yanahaririwa na watu wengi kwa pamoja. Mgawanyo huo ufanywe kabla ya kutangaza zabuni ya vipakatalishi, na bili ya miaka mitano iandikwe kando ya bei ya mashine, kwa shilingi, dola ikihesabiwa kwa kiwango cha juu.