Mkono Unaofuata Mkumbo

Mama aliyepata kiharusi miezi kadhaa iliyopita ameketi mezani kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Mkono wake wa kulia umelazwa juu ya meza iliyonyunyiziwa poda ili uteleze. Anaambiwa asukume kiganja mbele mpaka kwenye kikombe. Anasukuma, na kiwiko kinanyooka, polepole lakini kinanyooka. Kisha anaambiwa auinue mkono huohuo juu ya meza kiasi cha shubiri moja, halafu akifuate tena kikombe. Bega linapanda, na papo hapo kiwiko kinajikunja, kiganja kinarudi kifuani, vidole vinafumba.

"Nyoosha, mama," anasema mtaalamu.

"Mwanangu, nauambia unyooke, wenyewe unakunja!"

Msuli wa kunyoosha kiwiko ni uleule uliofanya kazi muda mfupi tu uliopita. Kilichobadilika ni kwamba safari hii bega limepewa mzigo wa kuubeba mkono. Bega likishatwishwa, viungo vingine havibaki nyuma: kiwiko, kifundo na vidole vyote vinaondoka nalo. Kadiri mzigo wa bega unavyozidi, ndivyo mkono unavyofika karibu zaidi na kifua na mbali zaidi na kikombe.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani huliita jambo hili kwa neno lililotoka Kigiriki, ambalo tukilitohoa linakuwa sineji. Kwa asili neno hilo ni kazi inayofanywa pamoja. Mfasiri mwenye haraka atakimbilia "ushirikiano", na hapo ndipo anapompoteza msomaji. Kwetu ushirikiano ni sifa. Mgonjwa akiambiwa mkono wake una tatizo la ushirikiano, ataelewa kwamba viungo vyake havishirikiani, kumbe ugonjwa wenyewe ni kinyume chake: viungo haviwezi kuachana. Kutohoa pia hakusaidii sana. Sineji litaandikwa kwenye jalada, daktari atalielewa, na mgonjwa atabaki palepale alipokuwa.

Ninachopendekeza ni neno ambalo tayari tunalo midomoni: mkumbo. Polisi wakifika kijiweni wakamzoa muuza karanga, mcheza bao na aliyesimama kumsubiri nduguye, tunasema wamekamatwa kwa mkumbo. Kijana anayefanya jambo kwa sababu wenzake wanalifanya, tunasema anafuata mkumbo. Katika matumizi yote mawili kuna wengi wanaochukuliwa pamoja bila kila mmoja kupewa nafasi yake. Ndivyo kiwiko cha yule mama kilivyochukuliwa na bega.

Ili kuona kwa nini inakuwa hivyo, tuutazame mkono mzima kwanza. Kutoka bega hadi kifundo, mkono una njia saba za kujongea: tatu begani, moja ya kukunja na kunyoosha kiwiko, moja ya kugeuza kigasha ili kiganja kitazame juu au chini, na mbili kwenye kifundo. Mtu mzima wa afya huzichanganya apendavyo. Anaweza kuinua bega huku amenyoosha kiwiko, kama anayeanika kanga kambani, au kuinua bega huku amekikunja, kama anayejichana nywele. Uhuru huo hutegemea sana njia ya mishipa ya fahamu inayoanzia kwenye gamba la ubongo na kushuka hadi uti wa mgongo. Sehemu kubwa ya nyuzi zake huvuka kwenda upande wa pili katika sehemu ya chini ya shina la ubongo, ndiyo maana kiharusi cha ubongo wa kushoto hulemaza mkono wa kulia. Njia hii ndiyo hasa inayoweza kukiambia kiwiko jambo moja na bega jambo jingine.

Kiharusi kikiikata, ubongo hautulii. Unatafuta njia nyingine, na iliyobaki ni ya kale zaidi, inayoanzia katika shina la ubongo lenyewe. Nyuzi za njia hiyo zina matawi mengi: uzi mmoja hugusa misuli ya viungo kadhaa kwa mara moja. Amri iliyokusudiwa bega inasikika pia kwenye kiwiko na vidoleni. Haya ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi leo, na yanafafanua pia ajabu moja inayowashtua watu nyumbani. Mgonjwa ambaye hawezi hata kutikisa mkono anapiga mwayo, na mkono huo unapanda wenyewe kifuani. Wapo wanaoshangilia kwamba amepona, na wapo wanaonong'ona kuhusu jini. Mwayo huendeshwa na shina la ubongo, na shina halikuguswa na kiharusi.

Mwaka 1951 daktari Mmarekani Thomas Twitchell alichapisha maelezo ya jinsi wagonjwa wa kupooza upande mmoja wanavyorudiwa na mijongeo. Mwanzoni mkono hulegea kabisa. Baadaye hurudi mijongeo ya pamoja, na kwa wanaobahatika kusonga mbele zaidi, ndipo kiungo kimojakimoja hupata tena uhuru wake. Baada yake Signe Brunnstrom, mtaalamu wa viungo mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani, aliigawa safari hiyo katika hatua sita, na kitabu chake cha 1970 kikaifanya sineji kuwa neno la kila siku katika vyumba vya mazoezi. Brunnstrom aliona mijongeo hii ya pamoja kama ngazi: kama ndiyo pekee aliyonayo mgonjwa, aitumie, kisha afundishwe kujitoa humo. Berta Bobath wa London hakukubali. Kwake, kuizoesha ilikuwa kuipalilia. Ubishi huo uliwagawa walimu na wanafunzi wao kwa miaka mingi, na tafiti zilizofuata hazikumpa yeyote kati yao ushindi ulio wazi. Siku hizi mkazo umehamia kwenye kurudiarudia kazi halisi kama kushika, kufikia na kubeba, mara nyingi kuliko mgonjwa anavyodhani zinahitajika.

Istilahi hupimwa kwa uzazi wake, na hapa mkumbo unajitetea vizuri. Brunnstrom alitaja mikumbo miwili ya mkono. Katika mkumbo wa kukunja, bega hupanda na kwenda kando, kiwiko hukunjika, kiganja hugeukia juu. Katika mkumbo wa kunyoosha, mkono huja mbele ya mwili, kiwiko hunyooka, kiganja hutazama chini. Mgonjwa yumo ndani ya mkumbo, anachanganya mikumbo, anajitoa kwenye mkumbo: yote yanasemeka bila kuulazimisha ulimi.

Jaribu maneno hayo kwenye kipimo alichochapisha Axel Fugl-Meyer na wenzake wa Göteborg mwaka 1975, ambacho hadi leo ni miongoni mwa vinavyotumika zaidi duniani. Kila mjongeo hupewa alama 0, 1 au 2, na mkono mzima unaweza kufikisha 66. Mpangilio wake unafuata mkumbo hatua kwa hatua. Kwanza mgonjwa hutoa mkono kwenye goti la upande wa pili na kuupeleka sikioni upande wake, jambo ambalo mkumbo wa kukunja unaliruhusu. Baadaye huombwa kuinua mkono kando hadi usawa wa bega, kiwiko kikiwa kimenyooka na kiganja kikitazama chini. Hapo bega linataka mkumbo mmoja na kiwiko kinataka mwingine. Asiyeweza kujitoa, mkono wake utakunjika katikati ya njia.

Faida kubwa zaidi naiona nyumbani. Karibu kila familia yenye mgonjwa wa kiharusi imemnunulia mpira wa kufinya. Anakaa barazani anafinya asubuhi na jioni, na wageni wanampongeza. Wataalamu wengi hawaupendi mpira huo kwa mgonjwa ambaye vidole vyake tayari vinajifumba, kwa sababu kufumba ndiko mkono wake unakokujua. Shida yake ni kufumbua huku ameunyoosha. Ukimwambia mwanawe kwamba mpira unaulisha mkumbo wa kukunja, ataelewa bila mhadhara. Ataelewa pia kwa nini mtaalamu anauegemeza mkono mezani kwanza, kulipunguzia bega mzigo, kabla ya kudai kiwiko kinyooke.

Kuna atakayesema kwamba neno hili lina lawama, kwamba anayefuata mkumbo ni mtu asiye na msimamo. Ni kweli, lakini lawama inaangukia kiwiko, haimfikii mgonjwa. Yule mama alishaitenga mwenyewe aliposema wenyewe unakunja. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967 na ambalo usanifishaji wa istilahi ni miongoni mwa kazi zake, linaweza kuwa na neno zuri zaidi. Nitalipokea, mradi lisiwe ushirikiano.

Mipaka ya neno nayo ilindwe, maana "kupooza" tayari tumelibebesha kila kitu. Mkono uliolegea hauna mkumbo bado. Mkono wenye mkakamao hujulikana mtu mwingine anapoujongeza: ukiuvuta haraka unagoma, ukienda taratibu unalegeza. Mkumbo huonekana pale mwenyewe anapojaribu, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kisha yupo ambaye kiharusi kilimpiga kwenye serebela, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya kichwa, juu tu ya shingo. Huyo anaweza kuwa na nguvu za kutosha, na kiwiko chake hakiburutwi na bega. Mwambie aguse ncha ya pua yake: kidole kinaondoka vizuri, kinaanza kuyumba kadiri kinavyokaribia, kinapita na kugota shavuni. Hiyo ni ataksia, na mara nyingi huwa upande uleule uliodhurika ubongoni, si upande wa pili. Kwenye jalada lake neno mkumbo lisiandikwe.