Kona ya Kahawa: Mashine Inapigwa Picha, Grainda Inachapa Kazi

Kona ya kahawa ndiyo habari ya mjini. Staa akihamia nyumba mpya, mapazia hayajatundikwa lakini video imeshapanda: kaunta nyeupe, ua moja kwenye chungu, na mashine ya espreso inang'aa kama bodaboda iliyotoka kuoshwa. Mashabiki wanauliza mashine shilingi ngapi, kainunua wapi, mikoani wanatuma? Ni nadra mtu kuuliza ile kahawa imesagwa na nini. Na ukichimba unakuta imesagwa na kile kikombe kidogo cha blenda, kile cha pilipili manga, kimefichwa kabatini kisiharibu picha.

Huo mchezo wa mmoja kung'aa mbele ya kamera na mwingine kuchapa kazi gizani haukuanza Instagram. Espreso yenyewe ilizaliwa hivyo. Imejaa watu waliokesha na vyuma, halafu sifa ikaenda kwa mwingine. Kwa leo majina ya watu wote kapuni, wakubwa kwa wadogo. Yatakayotajwa ni yale yaliyobandikwa kwenye mashine tu.

Wa kwanza alikuwa mwenye hoteli na baa huko Turin, kaskazini mwa Italia. Wateja wake walikuwa wengi na hawana subira, na kahawa ya enzi hizo ilichukua dakika kadhaa kuwa tayari. Mwaka 1884 akaja na mtambo mkubwa wa mvuke, akauonyesha kwenye maonyesho ya mji huo na kupata hataza, yaani karatasi ya serikali ya kulinda ugunduzi wake. Kisha akafanya kosa ambalo hata leo wabunifu wengi wanalifanya: akaufungia kwenye biashara zake mwenyewe kama mtu anayeficha siri ya pilau. Hakuuza mitambo, hakujenga kiwanda. Akafariki 1914, dunia ikamsahau. Ilibidi ifike 2022 ndipo Google wakamchora kwenye ukurasa wao wa mbele siku ya kuzaliwa kwake, na mchoro wenyewe ulipakwa kwa kahawa. Kiki imekuja miaka 108 baada ya mazishi.

Wa pili ni fundi wa Milan. Mwaka 1901 alisajili mashine iliyotoa kikombe kimoja kimoja mbele ya mteja, na kile kishikio chenye kikapu cha kahawa unachokiona leo kwenye kila mashine kinatokana na kazi yake. Ila mkwanja wa kuisambaza hakuwa nao. Mwenzake mwenye akili ya biashara akanunua haki, na kwenye maonyesho ya Milan ya 1906 wakaionyesha dunia. Bahati yao, majina ya wote wawili yamebaki: Bezzera na La Pavoni ni mashine zinazouzwa mpaka leo.

Sasa ukweli mchungu, na hapa uchungu ni wa kweli kabisa. Espreso ya miaka hiyo leo ungeirudisha kaunta. Mashine zilisukumwa na mvuke tu, na mvuke ulitoa presha ya bar 1.5 hivi, labda 2. Tairi la gari dogo lina kama bar 2, kwa hiyo piga picha mwenyewe. Ukitaka presha iongezeke inabidi maji yawe ya moto zaidi, na yakiwa ya moto zaidi kahawa inaungua. Miaka zaidi ya 30 mafundi walizunguka humo humo: mitambo ikawa mirefu, ya shaba, ina sanamu ya tai juu, lakini kilichomo kikombeni ni kile kile.

Aliyepata njia ya kutoka hapo ni mtu ambaye hata wapenzi wa kahawa wengi hawamjui. Fundi mwingine wa Milan, mwaka 1936, alisajili wazo la pistoni: acha mvuke, sukuma maji kwa nguvu ya chuma. Akafariki kabla ya kula matunda yake. Akaacha mjane na karatasi.

Kwa simulizi inayorudiwa zaidi, mjane huyo alihangaika kuliuza wazo la marehemu mumewe mpaka likamfikia mwenye baa mmoja wa hapo hapo Milan. Yule bwana alikuwa amechoshwa na ladha ya kuungua, akaona mchongo. Mwaka 1938 akasajili hataza kwa jina lake. Mwanzo ilikuwa pistoni ya kuzungusha kama skrubu. Ikaja vita ya pili ya dunia, mambo yakasimama. Baada ya vita, mwaka 1947 na 1948, akaja na mkono mrefu na springi: unavuta mkono chini, springi inabanwa na maji yanaingia, unauachia, springi inasukuma pistoni na maji yanapenya kwenye kahawa kwa bar 8 mpaka 10. Hakuna kuchemka kupita kiasi. Na juu ya kikombe kikatokea kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: povu zito la rangi ya kahawia.

Wateja wakashtuka. Hili povu ni uchafu gani? Bwana yule hakubishana nao. Akaandika kwenye mashine kwamba hiyo ni krema ya kahawa, ya asili, na ndiyo dalili ya kahawa bora. Uchafu ukageuka kuwa hadhi. Watu wa masoko wa leo wanalipwa mamilioni kwa mbinu hiyo hiyo. Jina lake lipo duniani kote, maana mashine zinaitwa Gaggia. Mjane na mumewe wanapatikana kwenye vitabu vya wanaofuatilia mambo kwa tochi.

Lakini yote hayo yalikuwa baa. Nyumbani je? Italia kwa miaka mingi halmashauri za miji zilidhibiti bei ya kikombe cha kunywa ukiwa umesimama kaunta, hivyo kwenda baa kulikuwa bei chee. Nani ajibebeshe mtambo jikoni? Nyumbani kulikuwa na moka, kile kibirika cha alumini chenye pande nane kilichotoka 1933. Maji chini, kahawa katikati, kinywaji kinapanda juu. Presha yake ni ile ile ya mvuke, bar 1.5 hivi, kwa hiyo kwa mizani ya leo si espreso, ingawa kahawa yake ni nzuri na anayesema haifai hajawahi kuipika vizuri. Mtoto wa aliyeianzisha ndiye aliyeifanya iwe maarufu baada ya vita kwa matangazo, na alipofariki 2016 majivu yake yaliwekwa ndani ya moka kubwa, ikaingizwa kanisani hivyo hivyo, padri akaibariki. Hiyo si stori ya kitaa, picha zilizunguka dunia nzima.

Mashine za mkono za nyumbani zilikuwepo, La Pavoni Europiccola ikiwemo tangu 1961, ila zilikuwa za wenye nazo na wenye subira. Mwaka huo huo 1961 ikaja Faema E61, iliyopewa jina kwa ajili ya kupatwa kwa jua kwa mwaka huo. Hii ilikuwa ya baa, lakini ilibadilisha kila kitu: badala ya msuli wa mhudumu, pampu ya umeme inasukuma maji kwa bar 9 bila kuchoka. Tisa ikawa namba ya espreso mpaka leo.

Na hapo ndipo mteja wa nyumbani alipoanza kupigwa changa la macho.

Viwanda vilipotaka mashine ndogo ya bei nafuu, vilichukua pampu ndogo ya kutetemeka, ile inayonguruma kama simu iliyowekwa mtetemo juu ya sufuria. Ni ya bei rahisi na ikizibwa kabisa inaweza kufika bar 15. Basi wakaandika "15 BAR" kwa herufi kubwa kwenye boksi, na mnunuzi akasema kumi na tano si kubwa kuliko tisa? Kahawa haihitaji hizo 15. Wenye Gaggia Classic, mashine iliyotoka 1991 na mpaka leo ndiyo kipenzi cha wenye bajeti, walifungua wenyewe na kubadilisha springi moja ndogo ya dola chache ili presha ishuke mpaka 9, na baadhi ya matoleo ya karibuni kiwanda chenyewe kimeishusha.

Changa la pili ni baya zaidi. Chungulia kikapu cha kahawa kinachokuja na mashine ya bei ya chini. Kwa ndani kina matundu mengi, kwa nje kina tundu moja tu dogo kama la sindano. Hicho ni kikapu cha kuta mbili. Presha inatengenezwa na lile tundu, haitokani na kahawa, na povu linalotoka ni hewa iliyopulizwa. Sababu yake ni kwamba kiwanda kinajua kabisa mnunuzi hana grainda. Kwa hiyo wamemuwekea kitu cha kuficha hilo pengo. Ukiweka kahawa ya paketi iliyosagwa miezi mitatu iliyopita, povu linakuja vile vile, unapiga picha, unapost. Ukionja ndiyo unajua.

Maana kwenye espreso grainda ndiyo inayojenga presha. (Si ile ya fundi vyuma, ni kisagio cha kahawa.) Kahawa laini iliyoshindiliwa sawasawa inayazuia maji, na presha inatokana na huo mzuio. Muuza kahawa wa Kariakoo na birika lake juu ya mkaa hana shida hii. Yeye anachemsha muda mrefu, punje kubwa na ndogo zote zinapata zamu. Espreso ina sekunde 25 mpaka 30 tu. Visu vya blenda havisagi, vinakatakata: unapata unga na mawe kwa pamoja. Maji yanakimbilia penye mawe, unga unaziba na kutoa uchungu, na kikombe kimoja kinakuwa kikali na chepesi kwa wakati mmoja. Grainda ya kweli ina meno mawili ya duara, chembe haipiti mpaka ifikie saizi uliyoichagua.

Kinachouma ni kwamba grainda ilikuwa nyumbani kabla ya mashine. Peugeot, hao hao wa magari, walikuwa wanatengeneza visagio vya kahawa vya kuzungusha kwa mkono tangu 1840, wakati gari halijaota hata ndotoni. Bibi wa Kizungu anakiweka mapajani, anazungusha, nyumba nzima inanukia. Kisha zikaja kopo na paketi za kahawa iliyosagwa tayari, kisagio kikapelekwa stoo, kikaishia kuwa pambo juu ya kabati. Watu walipokuja kununua mashine za espreso za nyumbani, mwenzake alikuwa ameshafukuzwa. Ndiyo maana mpaka leo mtu anatenga bajeti yote kwa mashine, na grainda anaambiwa "tutaona".

Kisagio cha mkono kimerudi miaka ya karibuni, kupitia Japani, Ujerumani, Taiwan na China, na safari hii kikiwa na meno ya chuma yaliyochongwa kwa umakini. Hili ndilo jambo kubwa kwa mwenye mfuko mdogo. Kwa karibu dola 100 unapata cha kuzungusha kinachosaga espreso vizuri, maana hulipii mota. Gramu 18 ni dakika moja hivi ya mkono. Cha umeme cha kiwango hicho kinakudai pesa nyingi zaidi. Kwa hiyo mwenye dola 500 akizimaliza zote kwenye mashine amekosea. Agawe, na asione vibaya grainda ikila theluthi au hata nusu.

Tena mnunuzi wa Dar, Arusha au Nairobi ana mtego wake. Mashine ya soko la Marekani imetengenezwa kwa umeme wa volti 120, huku kwetu ni 230 au 240. Ukiichomeka, kwaheri. Hata transfoma haimalizi yote, kwa sababu ile pampu ya kutetemeka inafuata mapigo ya umeme, na ya kwao ni 60 kwa sekunde wakati yetu ni 50. Soma kibati cha chini kabla hujatuma hela. Lakini kuna faida ambayo mtu wa Milan hana: buni za Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi zinakaangwa hapa hapa, na robusta ya Kagera ni ya jamii ile ile ambayo Waitaliano huichanganya ili krema iwe nzito. Tafuta paketi yenye tarehe ya kukaangwa, ya wiki chache tu.

Na kama mashine ya umeme bado iko mbali na mfuko, kuna mashine za kubonyeza kwa mkono zisizo na waya wala pampu. Za chini zinapatikana kwa dola 100 na kidogo. Unachemsha maji kwenye gesi, unapasha silinda moto, unamimina, unakandamiza mkono mpaka presha ipande bar 8 au 9. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma maji, lile lile wazo ambalo fundi wa Milan alilisajili 1936 na mkewe akabaki kulitembeza. TANESCO wakikata, kahawa inatoka.

Pima gramu 18 za kahawa, tegea gramu 36 kikombeni. Zikitoka kwa sekunde 10, mashine haina kosa. Geuza kisagio hatua mbili kwenye ulaini, usage tena.