Wayeye wa Usukuma na Elimu ya Kuishi na Nyoka

Mavuno yanapokwisha Usukumani, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, vijiji huingia katika msimu wa ngoma. Makundi mawili husimama uwanjani yakielekeana, na yote mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja likijitahidi kuwavuta watazamaji upande wake. Kundi litakalozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Ngoma inapopamba moto, mchezaji mmoja hufungua sanduku, akamtoa chatu mnene, akamzungusha shingoni na kucheza naye. Hapo watu hukimbilia upande ule, wengine kwa shangwe na wengine kwa hofu iliyochanganyika na tamaa ya kuona.

Wengi wetu huishia hapo. Tumemwona nyoka, tumepiga makofi, tukarudi nyumbani. Lakini ngoma ile ni mlango tu wa nyumba kubwa. Makala haya yanakusudia kuingia ndani ya nyumba hiyo, ili tuone jinsi wazee wa Usukuma walivyoigeuza hofu ya nyoka kuwa elimu yenye walimu, wanafunzi na wajibu.

Hapana shaka kwamba nyoka ameogopwa katika kila pembe ya nchi yetu. Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hata hivyo, kuogopwa si sawa na kuchukiwa. Katika milima ya Uluguru, Kolelo aliyeombwa mvua na rutuba alifikiriwa kuwa na umbo la nyoka. Huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, masimulizi ya wazee yanamtaja nyoka mkubwa katika habari za mwaka 1904, Kinjikitile Ngwale alipopandwa na pepo Hongo, mwaka mmoja kabla ya Vita vya Majimaji. Kwa hiyo nyoka alikuwa jirani mwenye nguvu, na jirani wa namna hiyo hana budi kujulikana vizuri.

Wasukuma walikuwa na sababu zao za kumjua. Nchi yao ni ya mbuga, mawe makubwa na mashamba. Palipo na nafaka ghalani huja panya, na palipo na panya huja nyoka. Kifutu hulala kimya njiani, rangi yake ikifanana na majani makavu, naye humwuma mtu anayemkanyaga bila kumwona. Swila hutema sumu kuyaelekea macho. Koboko ni mwepesi mno, na sumu yake huua upesi. Chatu hana sumu. Yeye huyabana mawindo yake mpaka yafe. Mkulima asiyeweza kuwapambanua hawa aliishi katika hatari ya kila siku, au aliua kila nyoka aliyemwona, pamoja na wale waliomsaidia kupunguza panya.

Ndipo kilipopata umuhimu chama cha Buyeye, ambacho wanachama wake huitwa Wayeye. Mtu hakuwa Myeye kwa sababu ya ushujaa wake tu. Aliingizwa chamani kwa taratibu maalumu, akachanjwa dawa, kisha akafundishwa tabia za nyoka, namna ya kuwakamata, na miti na mizizi iliyotumiwa kuwatibu walioumwa. Nyoka alipoingia katika nyumba ya watu, Myeye ndiye aliyeitwa kumtoa. Ngoma nayo iliwaonyesha wananchi mafundi hao ni akina nani, ili siku ya shida wajue mlango wa kubisha.

Elimu hiyo ilikuwa na michoro yake pia. Wayeye walichora nyoka na watu wa masimulizi ya chama katika kuta za nyumba walimokutania. Michoro hiyo ilitumika kufundishia. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha uchunguzi wake juu ya Buyeye mwaka 1946, na mwaka 1953 kikatoka kitabu chake kuhusu michoro hiyo ya ukutani. Twamshukuru kwa kuihifadhi habari hiyo. Hata hivyo inasikitisha kidogo kwamba msomi wa leo anayetaka kuiona michoro ya babu zake hulazimika kuitafuta kitabuni. Ukuta wa udongo haudumu, na nyumba ikibomoka bila mwanafunzi wa kuichora upya, somo lililokuwamo hubomoka nayo.

Wageni wengine waliandika kwa jicho tofauti. Mwaka 1935 Wamarekani wawili, F. G. Carnochan na H. C. Adamson, walitoa kitabu juu ya chama cha watu wa nyoka miongoni mwa Wanyamwezi, ndugu na jirani wa Wasukuma. Kichwa cha kitabu hicho kiliwaalika wasomaji kuingia katika dola ya nyoka, kana kwamba ni nchi ya maajabu. Mwandishi wa namna hiyo huona ajabu mahali ambapo mwenyeji huona kazi. Kwa upande mwingine, kuanzia miaka ya 1950, Padri David Clement alisaidia kuuanzisha mkusanyo wa Bujora, karibu na Mwanza, ambako zana za ngoma na za waganga zilianza kutunzwa badala ya kuchomwa moto. Nayo serikali ya Tanganyika huru ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ngoma zetu zilipewa heshima zilizonyimwa wakati wa ukoloni.

Sasa na tuseme juu ya chatu anayefugwa. Mfugaji wa ng'ombe hujuana na mnyama wake. Chatu hamjui bwana wake kwa namna hiyo. Anaweza kupita urefu wa mita 5, na huweza kukaa miezi mingi bila kula baada ya kumeza mnyama mmoja mkubwa. Jike hujiviringisha juu ya mayai yake na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Mtu anayemweka chatu kwa ajili ya ngoma lazima ajue saa ya kumlisha, dalili za hasira yake, na siku ambazo hafai kuguswa kabisa. Anayemfungia sandukuni bila maji wala nafasi, kisha akamtoa tu watazamaji wanapokuja, huyo ameichukua ngoma na kuiacha elimu.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu sheria nazo zimebadilika. Wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma chini ya usimamizi wa serikali, na sheria ya mwaka 2009, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1974, inataka kibali kwa anayewashika au kuwafuga. Biashara ya chatu kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Ng'ambo wako watu wengi wanaonunua nyoka wa kufuga katika visanduku vya kioo. Si wote wasiowajali, lakini nyoka wa dukani hufika kwa mnunuzi bila mzee wa kumfundisha. Myeye alianza na elimu, ndipo akapewa nyoka. Utaratibu huo una hekima ndani yake.

Pamoja na kuwasifu wazee, yatupasa kusema kweli. Dawa za Wayeye ni sehemu ya historia yetu, na baadhi ya mimea yao inastahili kuchunguzwa na wataalamu. Lakini hakuna chanjo ya chale iliyothibitishwa kumkinga mtu na sumu ya koboko. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaingiza madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa. Shirika hilo linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sababu hiyo kila mwaka duniani. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, wala asinyonywe jeraha. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa kuwa dawa iliyothibitishwa kuipinga sumu ni ile inayotengenezwa kutokana na damu ya wanyama, hasa farasi, waliozoeshwa sumu hiyo kidogo kidogo.

Je, kusema hivyo ni kumvua Myeye heshima yake? La hasha. Katika kijiji kilicho mbali na hospitali, mtu wa kwanza kukimbiliwa huenda akawa mzee wa chama. Mzee huyo akimtambua nyoka aliyeuma, akawazuia jamaa wasimpasue mgonjwa, na akawahimiza waondoke mara moja, atakuwa ameokoa roho. Akimchelewesha kwa majivuno, ameiua hata heshima ya chama chake. Kazi iliyokuwa ya Wayeye tangu mwanzo, yaani kusimama kati ya watu na nyoka, bado ipo. Kinachohitajika ni kuiunganisha na kazi ya mganga wa zahanati.

Hatari inayotukabili leo si kwamba ngoma ya chatu itakufa. Watazamaji wataendelea kuitaka, mijini na vijijini. Hatari ni kwamba itabaki peke yake, kama ganda la nyoka lililoachwa mwambani baada ya mwenyewe kwenda zake. Kwa hiyo ni wajibu wa maofisa utamaduni, walimu na vijana wa Usukuma kuwaendea wazee waliobaki, kuyaandika majina ya nyoka kwa Kisukuma, kuyarekodi mafundisho, na kuichora upya michoro katika kuta za shule. Hapo mtoto atakayemwona kifutu njiani atamtambua kwa jina, atasimama, atapita kando, na wote wawili watafika salama waendako.